Zege la chapa kwenye mvua nyingi: mwongozo kamili wa kujenga baraza la nje na njia za miguu

Picha ninazotumiwa na wasomaji wa Bukoba, Muleba na Tukuyu zimeanza kufanana. Baraza limepigwa chapa ya mawe, wiki ya kwanza linamvutia kila apitaye, kisha msimu mmoja wa mvua unapita na mambo yanageuka: madoa meupe, ngozi ya juu inabanduka, ukijani umejaa kwenye mistari, na mama mwenye nyumba anatandika magunia mlangoni wageni wasianguke. Wengi hulaumu rangi au stempu (vibao vya kupigia chapa) walizonunua. Ukifuatilia, chanzo karibu kila mara ni maji: yaliyosimama chini ya zege, yaliyozidi kwenye mchanganyiko, yaliyonyesha zege likiwa bichi, au yaliyofungiwa ndani na sila, yaani dawa ya kukinga uso wa zege, iliyopakwa mapema.

Nitatumia Bukoba kama mfano, ambako mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Wa Tukuyu au Pemba afuate hatua hizi hizi, abadilishe kalenda tu. Kazi yetu ni njia ya miguu yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 1.2 na unene wa milimita 100. Hiyo ni mita za mraba 12, na zege la mita za ujazo 1.2. Kama ni mara yako ya kwanza, usimwage eneo kubwa zaidi ya hilo kwa siku moja. Baraza kubwa ligawe vipande.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuita fundi

Vya zege

- Saruji ya daraja 42.5, mifuko 11 ya kilo 50. Ile ya 32.5 iache kwa ajili ya plasta.
- Mchanga safi wa mto, mita za ujazo 0.6
- Kokoto za nusu inchi au ndogo kidogo, mita za ujazo 1.1. Kokoto kubwa hukaa chini ya stempu na kuizuia isizame.
- Kokoto za inchi moja kwa tabaka la chini, mita za ujazo 1.5
- Nyavu za chuma za BRC aina ya A142, pamoja na biskuti za zege za milimita 50, yaani vipande vidogo vya kuinulia nyavu
- Dawa ya kulainisha zege, ya majimaji

Vya urembo

- Rangi ya unga ya oksaidi ya chuma, kilo 22
- Stempu za kutosha kufunika upana wa njia safu mbili, na moja laini inayokunjika kwa ajili ya kingo
- Dawa ya majimaji ya kuzuia stempu isinate, lita 3
- Sila ya kupenya yenye sileni na siloksani, lita 4

Vya mkono

- Mashine ya kuchanganya zege, toroli, chepeo, ndoo za lita 20 zinazolingana
- Kompakta, au kishindilio kizito cha mkono
- Mbao za fomu (za kuzuilia zege pembeni), vigingi, kamba, pima maji, rula ndefu ya alumini, floti ya mbao, mwiko
- Kishindilio bapa cha kugongea stempu
- Grainda yenye diski ya almasi
- Turubai kubwa mbili zisizotoboka, na mirunda ya kujengea kibanda
- Gambuti, glovu za mpira, miwani na barakoa

Saruji iweke juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta. Kwenye hewa yenye unyevu kama ya kando ya ziwa, mfuko unaweza kuganda bila kunyeshewa. Fungua, ingiza mkono. Ukikuta mabonge yasiyosagika kwa vidole, mfuko huo usiutie kwenye kazi hii.

## Hatua ya 1: Chagua siku, kisha chagua chapa

Bukoba ina nafuu ya mvua kati ya Juni na Agosti. Tukuyu, tumia Juni hadi Oktoba. Kwingineko kwenye misimu miwili, epuka kilele cha masika na vuli. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa siku tatu mfululizo, maana unahitaji siku ya kumwaga pamoja na siku ya pili yake.

Kuna jambo ambalo mafundi wanaotoka Dar es Salaam huwa hawalijui. Upande wa magharibi wa Ziwa Victoria mvua nyingi hushuka usiku wa manane kuelekea asubuhi, kwa sababu mawingu hujikusanya juu ya ziwa usiku na kusukumwa nchi kavu. Pwani fundi huanza kumwaga alfajiri ili akwepe jua. Ukifanya hivyo Bukoba unajipeleka mwenyewe kwenye mvua. Subiri saa tatu au saa nne asubuhi, uione anga ya upande wa ziwa, ndipo uanze.

Kuhusu chapa, usichague kwa macho peke yake. Chapa yenye mistari mirefu na ya kina hugeuka mifereji midogo, na maji yakisimama humo ukijani huota. Chukua chapa ya mawe bapa yenye uso wa kukwaruza na mistari ya kina kidogo. Halafu ilaze mistari mirefu ielekee upande wa mteremko, maji yapate pa kutokea. Mistari inayokatiza mteremko ndiyo inayooza kwanza, na hili nimeliona kwenye picha nyingi mno.

## Hatua ya 2: Chimba na upe maji njia

Chimba milimita 175: mia kwa ajili ya kokoto, na sabini na tano kwa sehemu ya zege itakayokuwa chini ya ardhi. Sehemu ya zege inayobaki, milimita 25, iwe juu ya udongo ili tope lisiingie njiani. Upana wa shimo uzidi njia kwa sentimita 10 kila upande.

Ardhi ya karibu na migomba ina udongo mweusi laini uliojaa mboji. Uondoe wote, hata kama ni wa kina kuliko kipimo, mpaka ufike penye udongo mgumu. Jaza kwa moramu, milimita 100 kwa wakati mmoja, kila tabaka ulishindilie. Kama ardhi yako ni mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, chimba zaidi na uubadilishe. Hakuna unene wa zege utakaoshindana nao.

Mteremko ni milimita 20 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Kwa njia ya upana wa mita 1.2, ukingo mmoja uwe chini ya mwingine kwa milimita 24. Chini ya hapo, kwenye uso wenye chapa, maji hayaondoki. Zege likiwa limegusana na nyumba, uso wake ubaki angalau milimita 150 chini ya usawa wa sakafu ya ndani.

Upande wa juu wa mlima chimba mfereji wa kukinga maji kabla hayajafika kwenye kazi. Upande wa chini, mfereji wa kuyapeleka bustanini.

Jaribu sasa: mwaga ndoo mbili za maji shimoni. Yakikimbia upande uliokusudia bila kuacha dimbwi, endelea.

## Hatua ya 3: Tabaka la kokoto

Mwaga kokoto za inchi moja, tandaza, shindilia mpaka unene ubaki milimita 100. Kokoto zina nafasi kati yake, kwa hiyo unyevu wa ardhini hauwezi kupanda hadi kwenye zege kwa kunyonywa. Moramu yenye mfinyanzi hunyonya, na unyevu huo hupanda ukiwa umebeba chumvi zinazokuja kuonekana juu kama unga mweupe.

Wengi huuliza kama watandike nailoni juu ya kokoto. Kwa kazi ya nje yenye chapa, hapana. Nailoni huzuia maji ya ziada ya zege yasishuke, yote yakapanda juu, na wewe utakaa saa nyingi ukisubiri uso ukauke huku wingu linakusogelea.

Kompakta ikipita mara ya mwisho, kokoto zisicheze chini ya gambuti.

## Hatua ya 4: Fomu, viungo na nyavu

Panga mbao za fomu kwa kufuata kamba, na kigingi kila sentimita 80. Hakiki mteremko tena kwenye mbao zenyewe, maana rula itazifuata hizo. Zipake mafuta kidogo ili zitoke kwa urahisi.

Zege linapokutana na ukuta, nguzo au ngazi, weka kipande cha foamu cha unene wa milimita 10 kwa kina chote cha zege. Bila hiyo, zege likitanuka kwa joto litausukuma ukuta, na ufa utaanzia konani.

Nyavu zikae juu ya biskuti, katikati ya unene. Ule mtindo wa kulaza nyavu chini na kuzivuta kwa ndoano wakati wa kumwaga uachwe, kwa sababu nyavu hubaki chini na hazisaidii kitu.

## Hatua ya 5: Simamisha kibanda kabla ya kufungua saruji

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa kazi. Simamisha mirunda pande zote mbili za njia, juu kiasi cha mtu kusimama na kugonga stempu bila kuinama. Funga turubai kwa kamba, upande mmoja uwe juu zaidi ili maji yateremkie nje, kisha likunje upande na kulifunga kwa namna ambayo watu wawili wanaweza kulifungua kwa dakika mbili. Lijaribu kweli, kabla ya siku ya kazi.

Turubai lisiguse zege bichi hata kidogo. Mikunjo yake huchora uso, na penye kugusa rangi hubaki ya giza kuliko penginepo. Angalia pia matone ya kwenye mabati. Nyumba isiyo na mifereji ya paa hudondosha maji mahali pale pale, na matone hayo huchimba vishimo kwenye zege la jana.

## Hatua ya 6: Mchanganyiko

Tumia uwiano wa 1 : 1½ : 3, yaani saruji, mchanga na kokoto. Mfuko mmoja wa saruji ni kama lita 35, kwa hiyo kwa kila mfuko:

- mchanga mkavu ndoo mbili na nusu, au mchanga wenye unyevu ndoo tatu
- kokoto ndoo tano na robo
- rangi kilo 2, iliyopimwa kwa mizani
- maji yasizidi lita 25, *ukihesabu na yale yaliyomo kwenye mchanga*

Hapo kwenye maji na mchanga ndipo kazi nyingi zinapofia. Mchanga wenye unyevu huvimba, kwa hiyo ndoo tatu zake zina mchanga karibu sawa na ndoo mbili na nusu za mchanga mkavu. Wakati huohuo umebeba maji ambayo fundi hayahesabu. Anatia lita 25 kama alivyozoea, zege linakuwa uji, na rangi inatoka tofauti kwa kila mzigo.

Pima hivi. Chukua kilo moja ya mchanga kutoka katikati ya rundo, si juu. Uweke kwenye sufuria pana juu ya jiko la mkaa, ukoroge mpaka uache kutoa mvuke na chembe ziache kushikana. Upime tena. Ukibaki gramu 950, unyevu ni kama asilimia 5. Mchanga wa mfuko mmoja una uzito wa zaidi ya kilo 80, kwa hiyo tayari una lita 4 za maji. Toa hizo kwenye lita 25, na wewe utie 21 basi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi pima upya. Rundo lifunikwe.

Pima na usafi wa mchanga. Jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, uache utulie kwa saa chache. Tabaka la tope juu ya mchanga lisizidi sehemu moja ya kumi. Walio pwani wasitumie mchanga wa baharini. Chumvi yake hula nyavu na kuleta weupe usiokwisha.

Kwenye mashine anza na kokoto na sehemu ya maji, kisha rangi, uiache izunguke, halafu saruji na mchanga, na maji yaliyobaki mwishoni. Kila mzigo uzunguke muda uleule. Zege likiwa gumu mno, ongeza dawa ya kulainisha kwa kipimo cha chupa. Usiongeze maji, hata fundi akilalamika mkono unamuuma.

Zege zuri kwa chapa, likijazwa kwenye koni ya kupimia ulaini kisha koni ikainuliwa, hushuka milimita 75 hadi 100. Huna koni? Lirundike kwa chepeo: lijishikilie na kulegea taratibu, lisimwagike pembeni, na maji yasitoke kivyake.

Kabla ya kazi yenyewe, mwaga kipande cha majaribio cha sentimita 60 kwa 60, ukipige chapa. Rangi ya zege bichi huwa ya giza, na ukisubiri kikauke siku chache utaona rangi yako halisi.

Wako wanaopendelea poda ya rangi ya kugumisha inayonyunyizwa juu, kiasi cha kilo 3 kwa mita ya mraba. Hutoa uso mgumu na rangi kali. Ila inataka uso wenye unyevu wa kadiri yake, na kwenye hewa nzito kadiri hiyo ni ngumu kuipata kwa asiye na uzoefu. Anayeanza atumie rangi ya kuchanganywa ndani ya zege. Hata kona ikimeguka, chini yake kuna rangi ileile.

## Hatua ya 7: Mwaga, sawazisha, subiri

Lowesha kokoto na fomu bila kuacha madimbwi. Mwaga kuanzia mwisho wa mbali. Pitisha rula juu ya fomu kwa mwendo wa msumeno, gonga mbao pembeni hewa itoke, kisha pitisha floti ya mbao.

Sasa maji yatapanda juu ya uso na kung'aa. Yaache. Ukiyasugua na floti unayarudisha kwenye ngozi ya juu, na ngozi hiyo ndiyo itakayobanduka mwakani. Ukinyunyiza saruji kavu ili iyanyonye, unatengeneza gamba dhaifu lenye rangi tofauti. Jua likiwa dogo na hewa imejaa unyevu, maji haya hukaa muda mrefu kuliko fundi wa Dodoma anavyoweza kuamini. Yakizidi, vuta mpira wa kumwagilia juu ya uso taratibu, watu wawili, mmoja kila upande, uyasukume yatoke nje ya fomu.

Mng'ao ukiisha, pitisha floti mara ya mwisho na uviringishe kingo kwa mwiko.

## Hatua ya 8: Piga chapa

Saa haitakuambia wakati wa kuanza. Kidole kitakuambia. Bonyeza mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho, ukikumbuka kwamba penye kivuli hukawia. Kidole kiingie kama milimita 5, kiache alama safi, na kitoke bila zege kukiganda. Likiganda, bado. Ukilazimika kutumia nguvu kufikia milimita 5, umeanza kuchelewa, kwa hiyo waite wote.

Nyunyiza dawa ya kuzuia kunata kwenye uso na chini ya stempu, kiasi cha kulowesha tu. Nachagua ya majimaji kwa sababu ile ya poda huvuta unyevu, hufanya mabonge, na mabaki yake yasipooshwa yote hufanya sila ibanduke.

1. Stempu ya kwanza iweke kwenye kona ya mwanzo, iliyonyooshwa kwa kamba. Ikipinda kidogo hapa, mwisho wa mita 10 itakuwa imetoka njiani.
2. Weka ya pili ikiwa imebana na ya kwanza, kisha ya tatu, mpaka umalize upana. Simama juu ya stempu, kamwe si juu ya zege.
3. Gonga kwa kishindilio kuanzia katikati kwenda pembeni. Kusudi ni kuisimika stempu. Ukiipiga sana, zege litabanwa na kujaa kwenye maungio.
4. Inua upande mmoja kwanza ili hewa iingie, ndipo uitoe yote. Ukiivuta kwa mkupuo itabandua ngozi.
5. Kwenye kingo, na penye kugusa ukuta, tumia stempu laini ukiigonga kwa mkono.
6. Mtu mmoja awe na kazi moja tu: kufuata nyuma akirekebisha mistari iliyojaa zege, kwa ncha ya mwiko.

Safu tatu za kwanza zikikamilika, simama uangalie kwa kuinama, jua likiwa mbele yako. Kina cha mistari kiwe sawa. Ukiona safu ya tatu ni hafifu kuliko ya kwanza, zege linakuzidi mbio, na inabidi watu wawili wagonge kwa pamoja.

## Mvua ikikukuta katikati ya kazi

Kazi isimame yote, turubai lifunguke. Hakuna kumalizia safu.

Ikikukuta kabla ya kupiga chapa, na maji yameingia kidogo, yasukume kwa mpira kama nilivyoeleza, usubiri mng'ao uishe, pitisha floti, endelea. Ikiwa mvua imeosha ngozi ya juu na chembe za mchanga zinaonekana huku zege bado laini, chukua zege kidogo la rangi ileile uliloliacha kwenye toroli, lipepete kokoto zitoke, ulisugue juu kwa floti. Fanya hivyo kabla zege la chini halijashika. Likishashika, usibandike kitu. Liache likomae, halafu ulifunike kwa tabaka jembamba la chapa siku nyingine, kwani kiraka cha siku hiyo kitabanduka.

Ikikukuta baada ya chapa, zuia matone kwa saa za mwanzo. Baada ya siku nzima mvua ya kawaida haidhuru. Inasaidia kulikomaza zege.

## Hatua ya 9: Kata viungo, mwagilia

Asubuhi inayofuata, ndani ya saa 24, kata viungo kwa grainda, kina cha milimita 25, kila mita moja na nusu au pungufu. Fuata mstari wa chapa ulio karibu ili mkato usionekane. Zege litapasuka tu. Unachofanya ni kuliambia lipasukie wapi. Kingo za mkato zikimeguka, subiri saa moja mbili, ujaribu tena. Vaa barakoa, na waya wa umeme uning'inie mbali na maji.

Mwagilia kwa manyunyu, asubuhi na jioni, siku saba. Siku ya mvua inajihesabu yenyewe. Usifunike kwa magunia, kwani rangi yake hulowea kwenye zege, wala usilaze nailoni juu, maana penye mikunjo patabaki mabaka. Watu wapite baada ya siku mbili, vitu vizito baada ya wiki.

Na tafadhali, usianike kahawa juu yake. Maji ya buni mbichi na utomvu wa ndizi huacha madoa ya hudhurungi yasiyotoka kwenye zege ambalo bado halijapakwa sila.

## Hatua ya 10: Sila, na subira yake

Subiri siku 28, kisha usubiri zege likauke. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Zege linaweza kuwa na miezi miwili na bado limejaa maji.

Jaribio lake ni rahisi. Kata nailoni angavu ya sentimita 45 kwa 45, ibandike kwa utepe pande zote nne, uiache kuanzia jioni hadi asubuhi, saa 16 au zaidi. Ukiifunua ukakuta matone chini yake au zege limekuwa la giza, bado. Rudia baada ya siku kadhaa kavu. Kama umemaliza kazi Agosti na mvua za Septemba zimekuja mapema, ni heri ukae bila sila mpaka nafuu nyingine.

Kabla ya kupaka, ondoa weupe wa chumvi kwa brashi ngumu kavu. Usiobanduka, usugue kwa siki iliyochanganywa na maji, suuza vizuri, uache ukauke tena. Ukipaka sila juu yake, umeufungia humo.

Sasa aina ya sila. Ile ya akriliki inayotengeneza ngozi ing'aayo ndiyo watu wengi huitaka, kwa sababu rangi hukolea na kumeremeta. Kwenye nchi ya mvua ndiyo inayoleta malalamiko: unyevu wa chini hukwama chini ya ngozi, ngozi inageuka nyeupe na kubanduka, na ikilowa huteleza. Sila ya kupenya huingia kwenye vitundu vya zege, huzuia maji ya juu na bado mvuke wa chini hutoka. Mng'ao hutaupata, na rangi itabaki tulivu. Mimi ningeacha mng'ao. Kwenye njia anayopita bibi na watoto, swali la kuteleza linatangulia la urembo.

Paka kwa pampu ya mgongoni au brashi laini, tabaka moja la kulowesha, kisha futa kinachosimama kwenye mistari kabla hakijakauka. Lisinyeshewe siku hiyo. Kesho yake mwaga kikombe cha maji: yakae juu kwa matone na kutiririka na mteremko, zege chini yake lisigeuke la giza.

## Matunzo

Fagia majani kila wiki, hasa kwenye mistari. Ukijani ukianza, usugue kwa maji na dawa ya klorini ya kufulia iliyozimuliwa, uache dakika kumi, suuza. Klorini isikutane na siki wala asidi yoyote, hata kwenye ndoo ambayo haijasuuzwa, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Kila mwaka, mwanzoni mwa miezi mikavu, rudia jaribio la kikombe cha maji mahali watu wanapopita sana. Zege likinyonya na kuwa la giza, osha, acha likauke, fanya jaribio la nailoni, paka sila upya. Zibua na ile mifereji ya pembeni siku hiyohiyo, kwa kuwa udongo ukiijaza, maji yanarudi chini ya zege.